Nani Zaidi: Ikangaa au Simbu?

Watu wa pwani wamezoea kumpima malenga kwa malenga mwenziwe. Mombasa ya akina Mazrui iliposhindana na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, haikuulizwa tu nani mwenye bunduki nyingi. Iliulizwa pia nani kamjibu nani kwa shairi, na Muyaka bin Haji akabaki midomoni mwa watu ilhali wengi walioshika bunduki wamesahauliwa. Swali la nani zaidi, basi, halikuzaliwa kwenye viwanja vya kandanda. Lakini huko ndiko lilikohamia, na Watanzania kwa miaka mingi wamelimaliza kwa Simba na Yanga, kana kwamba hapana miguu mingine nchini ila ile ipigayo mpira.

Tarehe 15 Septemba 2025, kulipokuwa bado usiku Tanzania na asubuhi Japani, miguu mingine ilikumbukwa. Mjini Tokyo, katika marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Alphonce Felix Simbu, mwana wa Ikungi mkoani Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, aliingia uwanjani pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Walikuwa wamekwisha kimbia zaidi ya kilomita 41 katika joto zito. Petros alitangulia katika mita za mwisho, na kwa mtazamaji medali ya dhahabu ilikuwa yake. Simbu akamfikia mstarini. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48; kilichowatenga ni sehemu tatu katika mia moja za sekunde. Simbu mwenyewe hakujua kuwa ameshinda mpaka alipoliona jina lake juu kabisa kwenye skrini ya uwanja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanzishwe Helsinki mwaka 1983.

Tangu hapo ikawa rahisi kusema kwamba nchi haijapata mkimbiaji wa masafa marefu kama huyu. Ni kauli ya furaha, na furaha haina mizani. Ila ipo haki ya mtu mwingine ndani yake, nayo haifai ipite bila kuulizwa.

Mkoa wa Singida umepakana upande wa mashariki na Dodoma, alikozaliwa Juma Ikangaa mwaka 1957. Barabara ya kutoka Dodoma kwenda Singida hupita Bahi, hupanda kuelekea Manyoni, kisha hufika Ikungi kabla ya kuingia mji wa Singida wenye majabali na maziwa yake mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Ni nchi ya uwanda wa juu, ya alizeti na mtama, na upepo usiokatika. Kwa hiyo wanaolinganishwa hapa ni watu wa njia moja. Ikangaa naye alikuwa askari wa jeshi hilo hilo, akafikia cheo cha meja. Kinachowatenga ni miaka 35 na namna ya kukimbia, na hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Ikangaa alikimbia mbele. Haikuwa mbinu ya siku moja moja, ilikuwa tabia. Aliirithi kwa Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akamwacha John Walker nyuma na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Baada ya Bayi, Mtanzania kukimbia mbele lilikuwa jambo la kutarajiwa, kama vile mtu wa Pemba kutarajiwa kuwa na shairi.

Oktoba 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Ikangaa na mwenzake Gidamis Shahanga waliondoka na kuwaacha watu wote. Shahanga alikuwa bingwa wa michezo hiyo ya mwaka 1978. Alichoka njiani, Ikangaa akaendelea peke yake, mpaka Robert de Castella, Mwaustralia aliyekuwa nyumbani kwake, alipomfikia katika kilomita za mwisho. Walipishana, huyu akitoka mbele na yule akimrudia, na mwisho de Castella akashinda kwa 2:09:18. Ikangaa alikuja kwa 2:09:30. Fedha.

Mwaka uliofuata ilikuwa Fukuoka. Mbio hizo za Desemba 1983 zinastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndani yake mna Ikangaa mzima. Alikimbia mbele, na nyuma yake alikuwapo Toshihiko Seko, kipenzi cha Wajapani, mtu wa subira ya kutisha. Seko hakutaka kuongoza. Alikaa mgongoni kwa Ikangaa, akamwachia kazi ya kukata upepo na kupanga mwendo, wakaingia pamoja katika uwanja wa Heiwadai. Na zilipobaki kama mita 100 akamtoka. Seko 2:08:52, Ikangaa 2:08:55. Sekunde tatu baada ya kilomita 42. Wajapani hawakulisahau jina la aliyeshindwa, na hilo si jambo dogo, kwani umati wa uwanjani aghalabu hurudi nyumbani na jina moja tu.

Angeweza kujifunza. Wengi wangejifunza. Walakini Aprili 1988 mjini Boston mambo yalirudi yale yale: Ikangaa na Mkenya Ibrahim Hussein bega kwa bega mpaka barabara ya mwisho, kisha Hussein akafyatuka. Tofauti safari hii ilikuwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44, na Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Mwaka 1989 Ikangaa akawa wa pili tena pale pale, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 wa pili kwa mara ya tatu, nyuma ya Mwitaliano Gelindo Bordin. Mara tatu mfululizo wa pili katika mji mmoja! Mtu akitaka kumhukumu kwa Boston peke yake, atasema hakuwa na mwisho, kama shairi lenye beti nzuri na kituo kilichovunjika.

Hukumu hiyo ingekuwa dhuluma. Ikangaa alishinda Tokyo mwaka 1984, akashinda tena Februari 1986 kwa 2:08:10, na Desemba ya mwaka huo huo akalipa deni la Fukuoka kwa kushinda huko pia. Kisha ikaja New York, Novemba 1989. Njia ya New York ni ya madaraja na miinuko, wala hakuna aendaye huko kutafuta rekodi. Ikangaa alikwenda vile alivyokwenda kokote, mbele, na siku hiyo hapakuwa na Seko wala Hussein mgongoni. Alimaliza kwa 2:08:01, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Mmarekani Ken Martin, akaivunja rekodi ya njia hiyo iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka 1981. Rekodi ya Ikangaa ilidumu New York hadi mwaka 2001.

Simbu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Katika mbio zake kubwa si rahisi kumwona kabla ya kilomita ya 35. Amejificha ndani ya kundi, hana haraka, hana maringo. Halafu wenzake wanapoanza kupungua mmoja mmoja, yeye bado yupo. Hivyo ndivyo alivyokuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alipokuwa bado hajulikani na wengi hata kwao. Januari 2017 alishinda Mumbai. Agosti mwaka huo, katika Mashindano ya Dunia mjini London, alipata shaba kwa 2:09:51, sekunde mbili tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha. Kilomita mbili zaidi huenda zingebadilisha mpangilio. Ikafuata miaka ambayo wengi walimwona amekwisha. Alikuwa wa saba katika Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, akapata fedha ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022, akawa wa 17 Paris mwaka 2024. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, kwa 2:05:04, nyuma ya John Korir wa Kenya. Miezi mitano baadaye ikawa Tokyo.

Anayeziweka karatasi hizi mbili pamoja hushangaa jinsi zinavyofanana. Fedha ya Jumuiya ya Madola kwa kila mmoja. Wa pili Boston, wote. Katika Olimpiki, Ikangaa alikuwa wa sita Los Angeles mwaka 1984 na wa saba Seoul mwaka 1988. Simbu wa tano na wa saba. Hata Tokyo wameigawana. Medali ya Olimpiki hawana wote wawili, na hadi Simbu alipotwaa dhahabu yake Tanzania ilikuwa na mbili tu, zile za fedha za Bayi na Suleiman Nyambui walizozipata Moscow mwaka 1980.

Wapo wanaotaka saa iamue. Saa inasema Simbu: muda wake bora alipofika Tokyo ulikuwa 2:04:38, wa Valencia mwaka 2024, nao unaupita ule wa Ikangaa kwa zaidi ya dakika tatu. Lakini saa ikiachiwa kuamua, basi Simbu mwenyewe atakuwa amemwachia cheo jirani yake wa upande wa kaskazini, Gabriel Geay wa Manyara, aliyekimbia 2:03:00 Valencia mwaka 2022 na kuwa wa pili Boston mwaka 2023. Geay na Simbu ni watani wa zama moja, na mashabiki wao wana ugomvi wao. Isitoshe, viatu si vile, barabara si zile, na saa ya mwaka 1989 haikupima kitu kile kile inachopima sasa.

Kipimo cha haki zaidi ni kuuliza kila mmoja alikuwa umbali gani na kilele cha zama zake. Alipokimbia 2:08:10 mwaka 1986, Ikangaa alikuwa sekunde 58 tu nyuma ya rekodi ya dunia ya Mreno Carlos Lopes. Alipokimbia New York, rekodi ilikuwa 2:06:50 ya Belayneh Densamo wa Ethiopia, na Ikangaa, juu ya madaraja yale, alikuwa nyuma yake kwa sekunde 71. Simbu alipofika Tokyo, rekodi ya dunia ilikuwa 2:00:35 ya Mkenya Kelvin Kiptum. Palikuwa na dakika nne na ushei kati yao. Kwa mizani hii Ikangaa alikaa karibu zaidi na kilele, tena kwa miaka mingi mfululizo. Aliyetangaza kwamba nchi haijapata mfano wa Simbu hakuitazama miaka ya 1980.

Na medali? Hapa nako pana la kusema kwa ajili ya mzee. Katika siku zake Mashindano ya Dunia yalikuwa kila baada ya miaka minne: Helsinki 1983, Roma 1987, Tokyo 1991. Simbu alikimbia ya kwanza Beijing mwaka 2015, alipokuwa wa 12, na tangu hapo mlango umekuwa ukifunguliwa kila baada ya miaka miwili, ukiacha pengo moja la ugonjwa wa korona. Amegonga mara nyingi zaidi.

Hata hivyo mlango ulimfungukia. Hilo haliondoki. Tazama jambo hili la ajabu: Ikangaa alikimbia 2:08:55 Fukuoka na kushindwa, Simbu alikimbia 2:09:48 na kuwa bingwa wa dunia. Wa kwanza alishindwa kwa sekunde tatu, wa pili akashinda kwa sehemu tatu za mia. Joto la Septemba linaeleza tofauti ya muda. Haliwezi kueleza mita 100 za mwisho, kwani katika mita hizo Simbu alifanya kile ambacho Ikangaa alifanyiwa na Seko, na kile alichofanyiwa na Hussein: alikubali kuwa wa pili mpaka pale ambapo kuwa wa pili hakukuwa na faida tena. Subira hiyo Ikangaa hakuwa nayo. Huenda hakuitaka. Mtu anayejua kwamba kuna Seko mgongoni na bado akakataa kupunguza mwendo amechagua jambo, na hapana haja ya kumwonea huruma.

Kama swali ni nani aliyekuwa mkimbiaji mkubwa zaidi katika dunia ya siku zake, jibu ni Ikangaa, na pengo si dogo. Kama swali ni nani angetangulia kukata utepe wawili hawa wakiwekwa katika njia moja, siku moja, na viatu vya aina moja, basi ni Simbu. Na hili la pili ndilo swali lenyewe, kwa kuwa mbio hazikuwekwa utepe bure.

Waziweke basi barabara ya Manyoni, mwisho uwe Ikungi, alfajiri kabla upepo haujaamka. Ikangaa ataondoka mbele tangu hatua ya kwanza, na yeyote aliyefika kuvizia atalazimika kuufuata mwendo wake. Kufikia kilomita ya 30 watakuwa wamebaki wawili. Watoto wa kando ya barabara watamwona kwanza yule mwanamume wa mbele, na watampigia kelele yeye kwa saa zote mbili na zaidi, kabla ya wale walio karibu na mwisho kuanza kumtazama yule wa nyuma yake.