KISUKARI: UKIKAA TU, MISULI INASAHAU KULA SUKARI

Leo siasa na mpira naviweka pembeni kidogo.

Mama mdogo wangu alipoambiwa ana kisukari, nyumbani tulikaa kikao tukaamua apumzike. Maji tukachota sisi, nguo tukafua sisi, sokoni akawa haendi tena. Kazi yake ikawa kiti, redio na chai kavu isiyo na sukari. Tuliona ndiyo kumpenda huko. Miezi ikapita, dawa anameza, chakula anapima, lakini kila akienda kliniki sukari iko juu. Siku moja nesi akamuuliza: "Mama, kwani siku hizi unatembea?" Tukabaki tunaangaliana. Ndipo nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

SUKARI INAENDA WAPI?

Ukila ugali, wali au chapati, chakula kinageuka glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuiingiza glukosi kwenye seli. Wengi tunadhani shughuli yote ni ya kongosho na ini. Kumbe mlaji mkubwa ni misuli! Kwenye vipimo vya maabara, insulini ikiwa nyingi mwilini, karibu asilimia 80 ya glukosi inayochukuliwa inaingia kwenye misuli, yaani hii ya mapaja, makalio, mgongo na mikono. Huko inachomwa kutoa nguvu au inawekwa akiba kama glaikojeni. Misuli ya mtu mzima inaweza kutunza gramu 400 hivi, wakati ini linabeba kama gramu 100 tu.

AMRI MBILI

Ndani ya seli ya msuli kuna vibebeo vya glukosi vinavyoitwa GLUT4. Muda mwingi vimejificha ndani. Vinatoka kwenda kwenye ukuta wa seli kwa amri mbili. Ya kwanza ni ya insulini. Ya pili ni ya msuli wenyewe unapojikunja ukifanya kazi, na hii haisubiri insulini.

Kwa mwenye kisukari aina ya 2, insulini inapiga hodi lakini ndani hawasikii vizuri. Ila ile amri ya pili bado inafanya kazi! Ndiyo maana kutembea kunashusha sukari hata pale insulini inapogonga mwamba. Tena ukishamaliza mazoezi, misuli inaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 72. Baada ya hapo inarudi ilikokuwa, kwa hiyo zoezi la Jumapili peke yake halitoshi wiki nzima.

UKIKAA TU INAKUWAJE?

1. Glaikojeni haitumiki. Ghala limejaa, kwa hiyo mzigo mpya unabaki nje, yaani kwenye damu.
2. Mafuta yanajipenyeza ndani ya seli za misuli na kuvuruga ujumbe wa insulini.
3. Mitokondria, ambazo ndizo majiko ya kuchomea sukari na mafuta, zinapungua nguvu.
4. Misuli yenyewe inasinyaa. Misuli ikipungua, mlaji wa sukari naye amepungua.

Usidhani ni mambo ya wazee. Mwaka 2010 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walichapisha utafiti wa vijana 10 wenye afya njema. Walipunguziwa hatua za siku kutoka kama 10,000 hadi chini ya 1,500, kwa wiki 2 tu. Uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulishuka kama asilimia 17, na misuli ya miguu ikapungua. Wiki mbili! Sasa jiulize wewe unayekaa hapa kafe toka asubuhi.

TUFANYEJE?

Habari njema ni kwamba si lazima uende jimu. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya watu wenye kisukari aina ya 2 waliokaa saa 8. Walipokatisha kukaa kila baada ya nusu saa, wakatembea taratibu au kufanya mazoezi mepesi kama kuchuchumaa nusu na kuinua visigino kwa dakika 3, sukari yao baada ya kula ilikuwa chini sana kuliko siku ya kukaa mfululizo. Kwa wiki, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani. Na usipitishe siku zaidi ya 2 mfululizo bila kufanya kitu.

ANGALIZO: Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa sukari akijitumikisha. Apime, awe na kitu kitamu mfukoni, na aongee na daktari kwanza. Avae viatu vinavyomtosha na akague nyayo kila siku. Na mazoezi hayafuti dawa, asije mtu akaziacha kwa sababu yangu.

Mama mdogo sasa anaenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu chake. Hajapona, lakini namba zimeanza kushuka, na ndoo yake hataki mtu aiguse.

Basi wadau, nawakilisha. Nyumbani kwenu mgonjwa wa kisukari mnamkalisha au mnamtembeza? Tuambie hapo chini. Ila kwanza inuka kwenye kiti, jinyooshe, halafu ndiyo uandike.