Kweli, Uwongo na Neno Lisilothibitishwa

Wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 1969, na ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, ni mahali panapomfaa sana mtu anayetaka kuchunguza jinsi wanadamu wanavyopambanua kauli ya kweli na kauli ya uwongo. Huko hukutana jamaa tatu kubwa za lugha: Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga, cha jamii ya Kiniloti, kisemwacho na Wabarabaig pamoja na ndugu zao, na lugha za Kibantu kama Kinyiramba na Kinyaturu. Zamani mashahidi wa mpaka mmoja wa malisho waliweza kufikiri kwa lugha tatu mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, naye akayaandika yote kwa Kiswahili.

Tuanze na fumbo ambalo mwalimu aweza kulitega darasani. Ndama amepotea karibu na ziwa la Basotu. Wanaletwa wachungaji watatu mbele ya wazee. Wa kwanza asema, "Amemchukua huyu wa pili." Wa pili asema, "Si mimi." Wa tatu naye asema, "Si mimi." Tunaambiwa kwamba mmoja wao, na mmoja tu, ndiye mwizi, tena katika kauli hizo tatu moja tu ni ya kweli. Ni nani mwizi?

Wanafunzi wengi humrukia wa pili, kwa kuwa ndiye aliyetajwa. Nawasihi watulie. Maneno ya wa kwanza na ya wa pili yanapingana kabisa: wa pili ama amemchukua ndama ama hakumchukua, wala hakuna njia ya katikati. Kwa hiyo mmoja wa hao wawili, yeyote awaye, lazima amesema kweli. Basi ile kweli moja tuliyoahidiwa imekwisha kutumika, na kauli ya wa tatu haina budi kuwa ya uwongo. Alisema si yeye, kumbe ndiye. Tukihakiki, tunaona kuwa wa kwanza alimsingizia mwenzake na wa pili alisema kweli, hesabu imetimia. Utamu wa fumbo hili ni kwamba mwizi alipatikana kabla hatujajua ni nani mkweli kati ya wale wawili waliokuwa wakibishana.

Kanuni tuliyoitumia, kwamba kauli ama ni ya kweli ama ni ya uwongo, ilichambuliwa na Aristotle wa Uyunani zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mwaka 1920 Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, alithubutu kuongeza thamani ya tatu, isiyo kweli wala uwongo. Sitamfuata mbali, lakini msomaji aliweke jambo hilo akilini.

Sasa tuulize: ni nani aliyetuambia kuwa kauli moja tu ni ya kweli? Katika fumbo, mtegaji ametupa zawadi hiyo bure. Katika baraza la wazee hakuna mtegaji. Watatu waweza kuwa wakweli wote, na mwizi akawa mtu wa nne aliyelala nyumbani. Ndiyo maana mabaraza yalibuni njia nyingine. Kwa Wairaqw, mkosaji asipojulikana, wazee waliweza kumlaani bila kumtaja jina. Watazameni wazee hao kwa jicho la mantiki: laana yao ni kauli ya sharti, "aliyetenda na apatwe", ambayo haimgusi asiyetenda, wala haihitaji kujua kwanza nani mwongo. Wabarabaig nao, mbali na mkutano wa wanaume, walikuwa na baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo George Klima alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baraza hilo lilimhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake, likamtoza ng'ombe dume.

Mahakama za serikali zina kanuni yao. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yasema kuwa anayedai jambo ndiye alithibitishe. Ni kanuni njema. Pasipo hiyo kila mdai angekula mali ya jirani yake. Lakini kanuni hiyo inaingiza kundi la tatu ambalo fumbo letu halilijui: neno lisilothibitishwa. Hanang ililijua kwa gharama kubwa.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 na katika miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Hanang kwa msaada wa Kanada, chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba saba yalikuja kuchukua ekari zipatazo 100,000, nyingi zikiwa malisho ya Wabarabaig. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 wakaenda kortini. Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo juu ya ardhi. Halmashauri, ilisema mahakama, haikuonyesha kuwa iligawiwa ardhi hiyo kwa taratibu za sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Nao wanakijiji waliodai haki ya mila hawakuthibitisha kuwa walikuwa "wenyeji", yaani Waafrika, kwa maana ya sheria ya ardhi iliyotungwa mwaka 1923, zama za Mwingereza.

Mahakama haikusema kuwa wanakijiji walisema uwongo. Ilisema kuwa kauli ile haikuletewa ushahidi. Mwanamantiki atakubali kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Ila mfugaji aliyeondoshwa penye makaburi ya baba zake hakuiona tofauti hiyo; kwake lisilothibitishwa na la uwongo vilizaa matokeo yale yale. Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa katika sheria yenyewe, iliyomtaka Mtanzania, miaka zaidi ya 20 baada ya Uhuru, athibitishe Uafrika wake ili asikilizwe juu ya malisho yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliondoka katika njia hiyo. Haki ya kimila ya kumiliki ardhi ilipewa hadhi sawa na hati itolewayo na serikali. Kila kijiji kilitakiwa kiwe na Baraza la Ardhi la watu saba, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake, kazi yao ikiwa kuwasuluhisha wanaogombania ardhi.