Joto la Kifuani

Mtu mzima akipigwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka kunampasha joto. Mtoto njiti hatetemeki. Hunyamaza, akapoa polepole, na anayemtazama hudhani amelala.

Karibu na mwaka 1880, Stéphane Tarnier, daktari wa uzazi jijini Paris, aliona mashine za kutotolesha vifaranga kwenye bustani ya wanyama. Akamwomba Odile Martin, aliyekuwa akifanya kazi hapo, amtengenezee ya watoto: sanduku lililopashwa joto kwa maji ya moto. Vifo vya watoto waliozaliwa na chini ya kilo 2 vikashuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Lakini Pierre Budin, aliyefuata nyayo zake, aliona jambo ambalo kipimajoto hakilipimi. Mama aliyetenganishwa na mwanawe alianza kumsahau, na wengine waliwaacha kabisa.

Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1978, hospitali moja ya wazazi mjini Bogotá, Kolombia, ilikuwa ikibanana watoto katika mashine chache. Waliambukizana maradhi, na huko pia wapo waliotelekezwa. Daktari Edgar Rey Sanabria akawapa akina mama kazi ya mashine: mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kama mtoto wa kangaruu.

Kifua kile si jiko linalowaka tu. Mtoto akipoa, ngozi ya mama hupanda joto. Akishapata joto la kutosha, hushuka. Imewahi hata kupimwa kwa mama wa mapacha, kila titi likimfuata mtoto wake.

Wapo watakaosema bibi zetu waliyajua haya. Labda, ila bibi hao hao walizika njiti wengi, na sipendi kuwapamba.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali 5, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kundi moja la watoto liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. La pili lilisubiri kwenye mashine hadi hali itulie. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 12 katika kundi la kwanza, na 15.7 katika la pili. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwasubirisha wengine. Kilichohitajika zaidi wodini kilikuwa kitanda cha mama.