Gari la Sarafu Tatu

Neno "matatu" asili yake ni hesabu ya nauli. Katika miaka ya 1960 msafiri wa Nairobi aliyepanda gari hilo alitoa sarafu tatu za senti kumi kumi, nazo kwa Kikuyu ziliitwa mang'otore matatu. Jina likalishika gari, na hata nauli ilipopanda halikubanduka.

Gari lenyewe halikuwa na fahari yo yote. Lilikuwa motokaa kuukuu ya mizigo, iliyotiwa mabao ya kukalia huku na huku. Lakini mwuza mboga aliingia na kapu lake asikaripiwe, na kibarua wa mtaa wa mbali, ambako mabasi hayakufika, alichukuliwa karibu na mlango wake.

Mabasi ya Kenya Bus Services yalikuwako mjini tangu mwaka 1934, tena kwa haki ya peke yake. Kwa hiyo matatu yalikwenda kwa magendo, na madereva wake wakiwaogopa askari. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kuchukua abiria bila leseni ya usafirishaji. Wenye magari walishangilia, nami siwalaumu, maana walikuwa wakifanya kazi ambayo watu waliihitaji.

Walakini gari jepesi lililojazwa kupita kiasi huua, na wengi walikufa barabarani. Mikanda na vidhibiti mwendo vililazimishwa Februari 2004, miaka 30 na zaidi tangu ruhusa ile.