Uteuzi wa Rangi katika Michoro ya Konsoli za Awali: Mandhari ya Bonde la Kilombero kama Kielelezo

Historia ya michoro ya gemu za video mara nyingi husimuliwa kama historia ya ongezeko la rangi. Masimulizi hayo huficha suala la msingi zaidi: uchache wa rangi ulimlazimu msanii kuamua ni tofauti zipi za mandhari zibaki na zipi zifutwe.

Famicom ya Nintendo, iliyoingia sokoni nchini Japani Julai 1983, ilikuwa na rangi takribani 54, lakini zilizoonekana kwa pamoja kwenye skrini kwa kawaida hazikuzidi 25. Mandhari ya nyuma iligawanywa katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Kila mraba ulitumia seti moja kati ya nne, na kila seti ilikuwa na rangi tatu pamoja na rangi ya usuli iliyoshirikiwa na seti zote. Seti hizo zilibuniwa kwa ajili ya televisheni ya rangi. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri vituo vyake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, msanii wa leo anayeichora Ifakara kwa mtindo huo hurithi rangi zilizopangwa bila kuizingatia Ifakara.

Ugumu wake hudhihirika wakati wa masika. Mpunga, miwa, nyasi za tambarare na misitu ya Udzungwa huwa kijani kwa pamoja. Akitumia kijani kimoja, msanii huunganisha shamba la mkulima na malisho ya sheshe. Akitumia viwili, huchora mpaka. Uamuzi huo si wa kiufundi pekee, kwa kuwa mpaka baina ya kilimo, ufugaji na hifadhi ndio kiini cha migogoro ya ardhi katika bonde hili, ambalo mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Mbinu ya zama hizo hutoa njia ya tatu. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, umbo moja lilitumika kuwa wingu na kichaka. Kilichobadilika ni rangi tu. Vivyo hivyo, tambarare ya Kilombero yaweza kuchorwa mara moja na kupewa seti mbili: buluu na kijani kwa masika, kahawia na manjano kwa kiangazi. Mraba uliokuwa maji mwezi Aprili huwa nyasi kavu mwezi Septemba.

Kwa mtazamo huo, rangi chache hazilidhalilishi bonde. Zikiteuliwa kwa kufuata majira, huonyesha jambo ambalo ramani yenye mistari ya kudumu hushindwa kulionyesha: kwamba katika ardhi ya mafuriko, matumizi ya mahali hutegemea pia wakati.