Reli Waliichukua, Njia Ikabaki: Somo la Nachingwea kwa Watu wa Ziwa Nyasa

Kwetu Ipyana, wilayani Kyela, hakuna reli na haijapata kuwapo. Nilikua nikizijua njia za aina tatu: njia ya maji itokayo bandari ya Itungi, barabara ipandayo Tukuyu kuelekea Mbeya, na kingo za majaruba ya mpunga ambazo wakati wa masika humlazimu mtu kuvua viatu na kuvishika mkononi. Reli ya TAZARA ilikuwa habari ya Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani. Labda ndiyo sababu nilipopata nafasi ya kutembea juu ya tuta la reli iliyong'olewa, nje kidogo ya mji wa Nachingwea, sikuiacha.

Jambo la kwanza alionalo mtembeaji ni wepesi wa njia yenyewe. Garimoshi haliwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli hukata vilima na kujaza mabonde hadi ardhi ipande na kushuka polepole mno. Reli ikiondoka, wepesi huo hubaki. Mataruma hayapo tena na vyuma havipo, lakini asubuhi ile nilipishana na wanafunzi wakienda shule, akina mama wenye kuni kichwani, baiskeli zilizobeba magunia, bodaboda mbili na mbuzi wasio na haraka. Hakuna ofisi iliyoitangaza kuwa njia ya watembea kwa miguu. Watu wameitumia tu, kwa kuwa miguu huijua njia nzuri kabla ya mipango kuijua.

Nilikutana na mzee mmoja akipumzika chini ya mkorosho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza natafuta nini huko. Nikamjibu kwamba naifuata reli ya zamani. Akacheka kidogo. "Reli waliichukua, mwanangu. Njia ndiyo waliyoshindwa kuibeba." Kisha akanieleza kwamba alipokuwa mtoto walikuwa wakikimbia kuitazama treni ikipita, na kwamba siku vyuma vilipoanza kung'olewa hakuna aliyekuja kuwaeleza sababu.

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinichoma, na ninalazimika kukiri kwa nini. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha mradi wa karanga wa Tanganyika kama mfano wa mipango iliyobuniwa mbali na ardhi. Nawaeleza wanafunzi jinsi serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilivyoamua kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Nawaeleza jinsi kazi ilivyoanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Jinsi udongo wa Kongwa ulivyokauka ukawa mgumu kama tofali. Na jinsi mradi ulivyoachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wanafunzi huandika, hucheka, hufaulu mtihani. Sikuwahi kuwauliza: baada ya wakubwa kufunga hesabu zao, wale waliobaki walisafiri vipi?

Reli ya Jimbo la Kusini ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1949, ikitoka Mkwaya, karibu na Lindi, kuelekea bara. Baadaye iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, yenye kina kirefu, iliyokamilika mwaka 1954. Tazama tarehe hizo kwa makini: bandari ilikamilika miaka mitatu baada ya mzigo wake kufa. Reli ikaendelea kuhudumia abiria na mazao ya wakulima wadogo, lakini haikulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya, vyuma viling'olewa.

Kihesabu, uamuzi ule unaeleweka. Reli inayokula hasara kila mwaka ni mzigo kwa nchi changa. Lakini kitabu cha hesabu huonyesha kilichokwisha kutokea tu. Mwezi Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi. Mji ambao juzi tu ulionekana hauna sababu ya kuwa na reli ukawa nguzo ya ukombozi wa taifa zima. Korosho nazo zilizidi kuwa uti wa mgongo wa uchumi wa kusini. Mizigo hiyo yote ilipita kwenye barabara ambazo mvua ilizikata kila mwaka. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kwenda Dar es Salaam kwa barabara hiyo alikuwa bado anasubiri kivuko ili avuke mto Rufiji.

Linganisha na TAZARA. Mwaka 1964 Benki ya Dunia iliikataa reli ya kuiunganisha Zambia na bahari kupitia Tanzania kwa hoja kwamba isingelipa. Mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia za Zambia za kusini zikawa rehani mikononi mwa utawala wa kibaguzi. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakuuliza faida peke yake; waliuliza pia gharama ya kutokuwa na reli. Kwa mkopo usio na riba kutoka China, kilomita 1,860 zilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. TAZARA imekuwa na matatizo mengi ya uendeshaji, na sitayaficha. Lakini haikung'olewa, na kwa kuwa ipo, leo inaweza kuzungumziwa ukarabati. Iliyong'olewa huanza upya kwenye fidia ya ardhi.

Hapo ndipo jambo hili linaporudi Ziwa Nyasa. Kwa miaka mingi mipango ya serikali imetaja reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Mbamba Bay si ugenini kwetu. Meli zitokazo upande wa Itungi hupita Lupingu, Manda na Liuli kuifikia. Reli hiyo ikijengwa, mpunga na kakao ya Kyela vitakuwa na mlango wa pili wa kuingilia sokoni. Naiunga mkono. Lakini sababu yake kuu inayotajwa ni makaa na chuma, kama ile ya kwanza ilivyotajwa kuwa karanga. Naomba watumishi wa umma wanaosoma hapa waulize mapema: siku bei ya makaa ikianguka duniani, reli hii itabaki kwa ajili ya nani? Je, mabehewa ya abiria na ya magunia 20 ya mkulima yamo kwenye mahesabu tangu mwanzo, au ni nyongeza ya hisani?

Liko pia suala la matuta ya zamani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1983 iliruhusu ukanda wa reli iliyofungwa utumike kama njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, huku haki ya kurejesha reli ikihifadhiwa. Watu hutembea leo, na ardhi haipotei kesho. Sisi tunacho tayari kile ambacho sheria ile ilikitafuta, kwa kuwa wananchi wa Nachingwea wamekitengeneza kwa miguu yao. Kilichokosekana ni kukitambua: kupima ukanda, kuusajili kuwa mali ya umma, kuziba makorongo, kuweka kibao kinachoeleza ni nani walioujenga na kwa nini uliachwa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kununua upya ardhi ile ile baada ya miaka 30.

Nilipoagana na yule mzee aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kyela, kando ya ziwa. Akauliza kama tuna reli. Nikamjibu kwamba hatuna, ila inasemekana itafika ng'ambo ya ziwa siku moja. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Ikija, waulizeni itaondoka lini."

Muhula ujao, mada ya karanga itakapofika, nitalianza somo na swali hilo.