Muziki wa dansi Tabora

Muziki wa dansi Tabora ni muziki wa magitaa na tarumbeta uliokuzwa na bendi za mji huo wa Unyamwezi, kwenye njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kiko Kids ya Salum Zahoro, mpiga mandolini, ilitangulia. Zikafuata Nyanyembe Jazz, yenye jina linalotokana na utemi wa Unyanyembe, na Tabora Jazz ya mtindo wa Segere Matata, bendi ya Shem Karenga, mwimbaji mwenye asili ya Kigoma.

Bendi hizi hazikuacha albamu nyingi. Wakati vijana wa Joy Division, bendi ya roki ya Manchester, Uingereza, walipotoa albamu ya “Unknown Pleasures” mwaka 1979 kupitia lebo ndogo ya mjini kwao, Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na mpaka wa Kenya, njia ya kwenda viwanda vya Nairobi, ulikuwa umefungwa tangu 1977 hadi 1983. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kubaki kwenye kanda. Kanda hizo ni hazina isiyo na thamani ndogo kuliko albamu yoyote ya Ulaya, nazo zastahili kulindwa.